Kitone na Mawe ya Njia Panda

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitika kama watu waliokosa chakula? Nimetoka kufunga mbuzi, sijakaa hata nikapoa, na nyinyi wenyewe ndio mlionivuta nguo mkitaka hadithi. Haya, mara ya pili, na walioko nyuma nao waitike. Watu wazima msijifanye hamsikii. Paukwa!

Pakawa!

Sasa nimesikia. Saumu, sogea, mpishe bibi yako akae vizuri.

Hapo kale, kale ambayo hata huyu bibi hakuikuta, palikuwa na jangwa. Jangwa jekundu, kavu, mchanga mbele na mchanga nyuma. Jua la huko likitoka halibembelezi mtu. Mvua ikija inapiga pa! pa! pa! halafu inakwenda zake, kama mgeni aliyekosea nyumba.

Katika jangwa hilo aliishi Bi Kobe. Bi Kobe hakuwa na mume, hakuwa na mtoto. Alikuwa na gamba lake na mdomo wake, na mdomo ulikuwa haupumziki. Akiwa peke yake alizungumza na miguu yake. Akiilaumu leo, kesho anaisifu, keshokutwa anaiomba radhi.

Siku moja akamkuta kichakani mtoto wa digidigi. Digidigi mnamjua? Ni paa mdogo kuliko paa wote. Ukimwona mkubwa wao unadhani ni mtoto, basi mtoto wao ni wa kutia kikapuni. Mama yake alichukuliwa na tai. Mtoto kabaki pale pale, kimya, maana mama yake alimwambia atulie. Jua linampiga, yeye katulia.

Bi Kobe hakusema neno, na kwake hiyo ilikuwa kazi kubwa. Alijikokota akasimama upande wa jua, kivuli cha gamba lake kikamwangukia mtoto. Jua likahama, Bi Kobe akahama. Jua likahama tena, Bi Kobe akahama tena. Wakakaa hivyo mpaka jioni. Jioni mtoto akainua kichwa akamnusa, na hapo Bi Kobe akawa mama wa mtu.

Akamwita Kitone, maana alikuwa mdogo kama tone la umande, na jangwani tone la umande si kitu cha kuchezea. Maziwa alimwombea kwa swala waliokuwa wakinyonyesha. Majani laini alimtafutia mwenyewe. Na walipokuwa njiani, mama akiwa mbele na mtoto chini ya kivuli cha mama, Bi Kobe aliimba hivi:

*Mguu wangu, twende, twende,*
*gamba langu, nyumba yangu, twende,*
*maji hayako mbali, twende,*
*mwanangu yuko nami, twende.*

Kumbukeni huo wimbo.

Sasa, katika jangwa hilo palikuwa na chemchemi moja tu isiyokauka, na ilikuwa nyuma ya mlima. Kiangazi kikiingia, madimbwi ya huku yakikauka, wanyama wote walihama kwenda huko. Wakifika chini ya mlima walikuta njia panda. Njia zilikuwa tatu. Njia ya Kilele ilipanda moja kwa moja, mawe yanakatika chini ya kwato, ukiteleza ndiyo kwaheri. Njia ya Korongo ilipasua mlima katikati, nyembamba, kuta huku na kuta huku. Njia ya Mchanga iliuzunguka mlima wote. Hiyo ilikuwa tambarare kabisa, lakini ndefu, haina kivuli, na mchanga wake unaunguza.

Na walikuwa na desturi yao. Penye mdomo wa kila njia palipangwa mawe. Jiwe moja, njia rahisi. Mawe mawili, ina tabu kidogo. Mawe matatu, ni ngumu, jipime kwanza. Wenye watoto na wazee waliangalia jiwe moja. Vijana wa kujionyesha walikimbilia matatu. Hakuna aliyeuliza zaidi. Mawe yakishasema, yamesema.

Nani aliyapanga? Hapo ndipo penyewe. Kiangazi kikianza, wenye mbio walishindana kwenda chemchemini na kurudi. Aliyetangulia kurudi ndiye alikuwa mwenye mawe mwaka huo. Aliyapanga alivyoona yeye, na siku ya kuhama yeye ndiye aliyefungua maji. Kabla hajanywa mwenye mawe, hanywi mtu.

Miaka mingi mwenye mawe alikuwa Choroa. Mmewahi kumwona choroa? Mnyama mrefu, uso wenye michirizi myeusi, pembe zimenyooka kama fimbo za wazee wa baraza. Hakuwa mbaya, msimfikirie vibaya. Mchanga haukumsumbua, kwa hiyo Njia ya Mchanga akaiwekea jiwe moja. Korongoni pembe zake zilikwaruza kuta, krr, krr, kwa hiyo Njia ya Korongo akaiwekea mawe matatu. Mawili akaiwekea Kilele.

Basi kila mwaka Bi Kobe alitazama jiwe moja, akashika Njia ya Mchanga. Kitone alipokuwa mdogo alitembea chini ya kivuli cha mama yake. Halafu akakua, akaota miguu ya kukimbia. Na mtoto akiota miguu ya kukimbia mnajua mambo yake, hata nyinyi hapa ninawaona. Akawa anatangulia. Tika tika tika, huyo, kafika. Anamngoja mama yake chemchemini, anacheza na wenzake. Mama anakuja nyuma peke yake na wimbo wake. Siku hizo aliimba, *mwanangu kanitangulia, twende.*

Kiangazi kimoja Bi Kobe alifika wa mwisho, kama kawaida, maji yamekwisha kuvurugwa na kuwa tope. Akanywa hilo tope, akashukuru. Alipojinyoosha alale, Kitone akaziona nyayo zake. Zilikuwa zimebabuka. Ngozi imetoka, mahali pengine pamepasuka na mchanga umeingia.

Akamuuliza kuna nini. Bi Kobe akasema ni miguu tu, inapenda kulalamika, asiisikilize. Kitone hakucheka. Moyo ulimuuma vibaya sana. Alikaa kando akatazama upande mwingine, akasema moyoni kwamba mwaka ujao mama yake hatatia mguu kwenye mchanga ule.

Mwaka ukapita. Kiangazi kikaingia. Siku ya mashindano wakajipanga: Choroa, swala, bweha, na Kitone katikati ya miguu yao, haonekani vizuri. Wakubwa wakamtania, wakamwambia ajihadhari asikanyagwe. Yeye macho yake yako korongoni. Wakaachiwa.

Choroa na wengine wakashika Njia ya Mchanga. Kitone akajitupa korongoni.

Tika tika tika! Korongo lilikuwa na ubaridi. Asubuhi ile kivuli kilijaa ukuta hadi ukuta. Chini palikuwa na jabali gumu, si mchanga, kwato zinashika vizuri. Na njia ilikuwa fupi, fupi ajabu. Kitone akikimbia anamfikiria mama yake, nyayo zake juu ya jabali baridi, na furaha ikampanda hadi masikioni.

Katikati ya korongo palikuwa na kizingiti cha jiwe. Kilikata njia upande hadi upande, kimo chake cha kumfika mtu magotini. Kitone alikiruka, hop! Hakupunguza hata mwendo. Kwato hazijagusa chini, yeye amekwisha kukisahau. Wakati wa kurudi, hop! tena, akakisahau tena.

Kizingiti hicho kishikeni nyinyi, kwa kuwa yeye hakukishika.

Akatokea njia panda wakati wenzake hawajaonekana hata vumbi. Wanyama waliokuwa wakingoja hawakuamini. Digidigi, mwenye mawe! Mbuni, mama yule wa watoto wengi na maneno mengi, alipiga kelele hadi vifaranga wake wakaogopa. Choroa alipofika alihema kwanza, halafu akainamisha pembe zake kwa heshima, akasema mawe ni yako, mdogo wangu.

Kitone akayapanga. Njia ya Mchanga, mawe matatu. Kilele akakiacha na mawili yake. Halafu akachukua jiwe moja, jeupe, zuri, akaliosha kwa ulimi wake, akaliweka penye mdomo wa Njia ya Korongo.

Akamwendea mama yake mbio. Akamwambia mwaka huu hakuna mchanga. Akamwambia kuna kivuli, kuna jabali baridi, ukiingia umefika.

Bi Kobe alikuwa anatafuna jani. Akatafuna kwanza, akameza.

"Hakuna pa kupanda?"

"Hakuna, mama. Ni tambarare kama uwanja."

Na alikuwa anasema alichokiamini. Angekatwa kichwa asingekumbuka kizingiti.

"Basi," akasema Bi Kobe, "ukisema wewe, mimi sina swali."

Siku ya kuhama ikafika. Kitone alitaka kufuatana na mama yake korongoni, amwonyeshe kila kitu. Lakini mwenye mawe hana budi kutangulia kufungua maji. Bi Kobe mwenyewe ndiye aliyemfukuza. Alimwambia asimwaibishe, watoto wa Mbuni wakae na kiu kwa sababu ya miguu ya kobe? Aende. Njia yenyewe si ni jiwe moja?

Kitone akaenda. Akageuka mara moja akamwona mama yake anaingia njiani, shingo ameinyoosha kwa furaha, na wimbo ameuanza: *maji hayako mbali, twende.* Akaridhika. Tika tika tika, huyo.

Akafika. Akanywa funda la kwanza, maji yakafunguliwa. Akakaa juu ya jiwe kupokea watu, na nisiwadanganye, alijisikia. Nani asingejisikia?

Akaja Choroa. Mbavu zake zilikuwa zimechubuka huku na huku. Akainama akanywa.

Wakaja swala. Wamenyamaza, wananywa.

Akaja Mbuni na vifaranga, na Mbuni hanyamazi. Alianza kusema kabla hajafika. Akasema yeye hana ugomvi na mtu, lakini kama lile ndilo jiwe moja basi hataki kuyaona mawili. Akasema ameinua vifaranga wake mmoja mmoja kwa mdomo pale kwenye kizingiti, shingo inamuuma hadi sasa, na mmoja wao ameanguka amekwaruzika, mtazameni goti lake.

Kitone akauliza kizingiti gani.

Wote wakamtazama.

Mbuni akasema kizingiti cha katikati, kile kilichokata njia. Kitone akatazama huku, akatazama kule. Anatafuta kichwani, hakioni. Anakimbia tena lile korongo lote kwa mawazo, kivuli, jabali, ukuta, kivuli, jabali, halafu miguu yake yenyewe ikakumbuka. Hop.

Mdomo ukamkauka pale pale majini. Akauliza mama yake yuko wapi.

Mbuni akapunguza sauti, maana hata yeye si mjinga. Akasema alimwacha Bi Kobe chini ya kizingiti. Alimwambia arudi, hapa si mahali pake. Bi Kobe akakataa.

"Amesema mwanangu ameniambia hakuna pa kupanda, na mwanangu hasemi uongo. Akasema labda yeye ndiye hajapaona pa kupitia, tutangulie, atapatafuta taratibu."

Watoto, mnajua kuna maneno yanayouma kuliko matusi? Hayo ndiyo maneno yenyewe.

Kitone hakuaga. Tika tika tika tika! Sasa hakukimbia kama mshindi, alikimbia kama mtoto aliyepotelewa na mama. Akaingia korongoni. Kivuli hakikuwepo. Ulikuwa ni mchana, jua limesimama juu ya korongo na kuingia lote ndani, na lile jabali la baridi la asubuhi lilikuwa limegeuka kikaango. Hilo nalo hakulijua, kwa kuwa aliwahi kupita asubuhi tu.

Alisikiliza wimbo. Hakuna wimbo. Akaita, korongo likamrudishia sauti yake mwenyewe.

Akafika juu ya kizingiti akatazama chini.

Bi Kobe alikuwa amelala chali. Alijaribu kupanda, akapanda nusu, akaanguka, na kobe akianguka chali hana la kufanya. Miguu iko juu, haigusi kitu. Tumbo lake, mahali ambapo jua halijawahi kupaona tangu azaliwe, lilikuwa wazi juani. Shingo imelegea pembeni.

Kitone akaruka chini.

"Mama."

Akamgusa shavu kwa pua.

"Mama, ni mimi."

Bi Kobe akafungua jicho moja. Sauti ilitoka kwa shida, kavu. "Nimepatafuta ulipopitia, mwanangu. Sijapaona. Ulipita wapi?"

Kitone akainamisha kichwa. Kisha akasema.

"Niliruka, mama. Niliruka nikasahau."

Bi Kobe akamtazama. "Ah," akasema. "Basi toka juani, utaungua."

Hilo ndilo jibu lake, na hakuongeza lingine. Kitone akaanza kumsukuma. Akasukuma kwa kichwa, akasukuma kwa vipembe vyake ambavyo si virefu kuliko kidole chako, akateleza, akaanguka, akarudi. Bi Kobe alikuwa mzito, Kitone alikuwa Kitone. Hakusogea.

Akafanya alichoweza. Akaenda upande wa jua akasimama. Kivuli chake kilikuwa kidogo, kilitosha kichwa cha mama yake tu. Basi akakifunika kichwa. Jua likahama, Kitone akahama. Jua likahama tena, Kitone akahama tena. Jabali linamchoma kwato, machozi yanamtoka na anayaacha yaanguke midomoni mwa mama yake, kwa sababu yalikuwa ni maji, na hakuwa na mengine.

Ndipo akasikia: krr. Krr. Krr.

Alikuwa ni Choroa. Alimwona Kitone alivyotoka chemchemini akaelewa, akafuata, akijibana katika njia ile ambayo ilikwisha kumchubua asubuhi. Aliingiza pembe zake ndefu chini ya gamba, akakaza shingo, akainua. Bi Kobe akapinduka, bwaa! akakaa kwa miguu yake. Alitikisa kichwa, akaitukana miguu yake kidogo, na hapo Kitone akajua kwamba mama yake yu hai.

Choroa akawatoa nje ya korongo, upande wa njia panda, hadi kwenye mgunga mmoja wenye kivuli. Akafukua mchanga kwa kwato, akawatolea matikiti mwitu, yale machungu yenye maji. Bi Kobe akanyonya moja, akanyonya la pili. Choroa akamwambia Kitone kwamba asijione peke yake katika kosa hili. Akasema yeye mwenyewe ameiwekea Njia ya Mchanga jiwe moja miaka yote, na hakuwahi hata mara moja kugeuka kutazama nani anakuja nyuma na anakujaje. Halafu akatangulia chemchemini kuwapa watu habari.

Wakabaki wawili, na kizingiti hakipandiki, wala Kilele. Walikuwa na njia moja tu, ile ya mchanga.

Kitone alisema wasubiri jua lilegee. Lilipolegea wakaondoka.

Haya, mnadhani ni rahisi mwenye mbio kutembea na kobe? Jaribuni. Hatua yake moja, wewe umekwenda huko na kurudi. Mwanzoni Kitone alikuwa anajisahau, anajikuta mbele, anarudi kwa aibu. Baadaye miguu ikazoea. Na alipozoea akaanza kuona vitu. Akaona mchanga mweupe hauunguzi sana kama mwekundu. Akaona pale kwenye kichaka cha mswaki pana upepo, mtu anaweza kuvuta pumzi. Akaona mawe madogo, yale ambayo yeye hajui kama yapo, kila moja lilikuwa kilima kwa mama yake. Akawa anatangulia hatua chache na kuyasukuma kando kwa pua.

Wakazungumza pia. Bi Kobe alikuwa ameweka maneno ya miaka mingi. Alimhadithia alivyokuwa mtoto mkaidi, alivyokataa maziwa ya swala mpaka naye Bi Kobe ajifanye anayanywa. Akamwambia alivyomwogopa panzi. Kitone akacheka hadi akakaa chini. Wakapumzika, wakalala chini ya mswaki, wakaamka na umande, wakaondoka. Jua likiwa kali Kitone anakaa upande wa jua. Kivuli chake kidogo, lakini ni kivuli.

Na wimbo ukarudi. Bi Kobe aliuanza kwa sauti ya chini, karibu na mwisho wa safari, miguu ikiwa haina nguvu tena:

*Mguu wangu, twende, twende,*
*gamba langu, nyumba yangu, twende,*
*maji hayako mbali, twende,*
*mwanangu yuko nami, twende.*

Wakafika.

Walikuta wanyama wote wamesimama kimya. Choroa alikuwa amewaambia. Upande mmoja wa chemchemi hakuna aliyeutia mguu, maji yake yamekaa meupe, unaona hadi mchanga wa chini. Mbuni mwenyewe alikuwa amesimama hapo ametandaza mbawa kuwazuia watoto, na alikuwa hasemi neno, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Bi Kobe akapita katikati yao. Akashusha shingo akanywa. Tangu aanze kuja pale alikuwa hajawahi kunywa maji ya chemchemi ile yakiwa safi. Alikunywa kwa muda mrefu na wakamngoja.

Kitone akasimama mbele ya watu. Akasema wazi kwamba aliwapotosha. Alisema aliipima njia kwa miguu yake, na alichokiruka hakukihesabu. Mawe hayataki tena. Akaomba mawe ya mwaka ujao ayapange aliyefika mwisho, kwa kuwa yeye ndiye aliyeigusa njia yote.

Wakakubali. Bi Kobe akaulizwa kwanza juu ya Korongo. Akasema matatu, na asiyeweza kuruka asiingie kabisa. Hapo hakuna aliyebisha, na Mbuni aliinua mguu wa kifaranga wake wote waone goti.

Kisha akaulizwa juu ya Njia ya Mchanga.

Bi Kobe akafikiri. "Jiwe moja," akasema.

Watu wakaguna. Kitone akadhani mama yake anamstahi. Akamwambia aseme kweli tu, asimwonee haya, nyayo zake kila mtu anaziona.

"Ninasema kweli," akasema Bi Kobe. "Tangu uote miguu ya kukimbia, njia hii kwangu ilikuwa matatu. Kila mwaka ni matatu. Safari hii nilikuwa na wewe. Ni moja."

Kitone akasogea. Aliweka kichwa chake kwenye gamba la mama yake, palepale mbele ya watu wote, na hakujali kama ni mkubwa.

Tangu siku hiyo desturi ya jangwa lile ikageuka. Mawe yanapangwa na aliyefika mwisho. Na aliyefika wa kwanza akishafungua maji anapewa kazi moja tu, ageuke, arudi njiani, amtafute aliye nyuma, waje pamoja. Kitone aliifanya kazi hiyo hata miaka ambayo hakushinda. Na Bi Kobe hakutembea tena njia ile peke yake.

Basi funzo lake ni hili, nalisema wazi ili msije mkanizulia jingine. Usimpimie mwenzako njia kwa miguu yako, maana wewe ulichokiruka, yeye atakiangukia. Na ukiwa na mbio, mshukuru Mungu kwa mbio, kisha geuka utazame nani yuko nyuma yako.

Hadithi yangu imefika majini, na hapo ndipo ninapoitua. Kama ni tamu, kunyweni nyote. Kama ni chungu, ni uchungu wa tikiti mwitu, mtauzoea.

Haya, inukeni mwende makwenu. Saumu, wapi wewe? Umekwisha kufika mlangoni? Rudi. Bibi yako bado anatafuta viatu vyake.